Namna ya Kuipanga Kozi ya Chuo Kikuu kwa Aina ya Ufundishaji Wake

Katika kitabu cha mwongozo wa masomo cha chuo kikuu, pembeni ya jina la kila kozi huwa kuna herufi na tarakimu chache ambazo wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wahadhiri, huzipita bila kuzitazama. Herufi L husimama kwa mihadhara, T kwa tutoriali, S kwa semina na P kwa vitendo, na tarakimu inayofuata ni idadi ya saa. Herufi hizo ndizo zinazoamua kozi itapewa chumba gani, itakaa saa ngapi kwenye ratiba, itahitaji wakufunzi wasaidizi wangapi, itapimwa vipi, na mwisho wake itahesabiwa krediti ngapi kwenye hati ya matokeo ya mwanafunzi.

Nimewahi kufanya kazi katika idara moja ambamo kozi ya baiolojia ya seli ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali la zamani kuwa ni mihadhara ya saa 45, basi. Walimu wa awali walikuwa wakiwapeleka wanafunzi maabara kwa makubaliano ya mdomo na fundi sanifu, na jambo hilo lilikwenda vizuri kwa kuwa darasa lilikuwa dogo. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka na nafasi za maabara zikaanza kugawiwa kwa kufuata jedwali, kozi ile haikupewa hata saa moja. Kwa mihula miwili wanafunzi walijifunza hadubini kwa michoro ya ubaoni. Hakuna aliyewanyima maabara kwa makusudi. Ofisi ya ratiba haikuwa na taarifa yoyote kwamba kozi ile ina vitendo. Tangu hapo nimeamini kwamba kuipanga kozi ipasavyo ni sehemu ya kumtendea mwanafunzi haki, na mwongozo huu nimeuandika kwa mhadhiri anayetunga kozi mpya, kwa mratibu wa idara anayerekebisha jedwali alilolirithi, na kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa kilichoandikwa mbele ya kozi yake. Mifano mingi ni ya Tanzania, na nimeigusa Kenya na Uganda kwa sababu wanafunzi wetu huvuka mipaka hiyo kila mwaka.

Hatua ya kwanza: anza na kazi atakayoifanya mwanafunzi

Usianze kwa kuuliza una ukumbi gani au mwalimu gani yuko huru. Chukua orodha ya matokeo ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuyaweza kozi itakapomalizika, kisha usome vitenzi vyake kimoja kimoja. Kitenzi kikiwa ni kueleza, kutaja au kulinganisha nadharia, muhadhara pamoja na kujisomea vinaweza kutosha. Kikiwa ni kukokotoa au kuthibitisha, mwanafunzi atahitaji mazoezi mbele ya mtu anayeweza kumwonyesha mahali alipokosea. Kikiwa ni kutetea hoja au kuhakiki maandishi, lazima awepo mahali anapozungumza na wenzake wakamjibu. Kikiwa ni kupima, kuchora ramani, kupasua, kupanda au kufundisha, hakuna idadi ya mihadhara itakayofika hapo.

Andika mkabala wa kila tokeo aina moja ya ufundishaji inayolifaa zaidi. Ukimaliza utaona kwamba kozi nyingi zinaangukia kwenye aina mbili au tatu kwa pamoja. Kozi inayoangukia kwenye aina moja tu ipo, lakini ni chache kuliko majedwali yetu yanavyoonyesha.

Hatua ya pili: tambua aina, na uziite kwa majina yake

Muhadhara ndio aina kongwe. Katika vyuo vikuu vya Ulaya ya zama za kati vitabu vilikuwa adimu na ghali, hivyo mwalimu alisoma matini kwa sauti na kuyafafanua huku wanafunzi wakiandika. Umbo hilo limebaki: mtu mmoja anaeleza, wengi wanasikiliza. Sifa yake kubwa ni kwamba idadi ya wasikilizaji inaweza kuongezeka bila ya kazi ya mwalimu kuongezeka kwa kiasi kilekile, na ndiyo maana kozi za pamoja zinazochukuliwa na wanafunzi wa fani nyingi, kama zile za taaluma za maendeleo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hufundishwa kwa mihadhara kwenye kumbi kubwa kisha wanafunzi wakagawanywa katika vikundi vidogo.

Vikundi hivyo vidogo ndivyo vinavyoleta mkanganyiko mkubwa kuliko yote, kwa sababu baadhi ya idara huviita semina, nyingine huviita tutoriali, na nyingine hutumia majina yote mawili kama kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Katika semina mwanafunzi ndiye anayeleta maudhui: amepewa mada wiki iliyotangulia, amesoma, anawasilisha, na wenzake wanamhoji huku mwalimu akisimamia mjadala. Katika tutoriali maudhui yamekwisha kutolewa kwenye muhadhara, na kikao kinatumika kuyafanyia kazi, kwa kawaida kwa karatasi ya maswali ambayo kila mwanafunzi amejaribu kuyajibu kabla ya kufika. Jaribio ninalolitumia ni rahisi: jiulize nini kitatokea iwapo mwanafunzi mmoja atafika bila kujiandaa. Ikiwa kikao kizima kitakwama kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kuwasilisha, hiyo ni semina. Ikiwa yeye peke yake ndiye atakayepoteza na wengine wataendelea na maswali yao, hiyo ni tutoriali. Na ikiwa hakuna kitakachobadilika kwa yeyote, kwa sababu mwalimu ataendelea kueleza kama kawaida, basi hicho ni muhadhara uliohamishiwa kwenye chumba kidogo, na uandikwe hivyo bila ya kuona haya.

Tofauti hii ina matokeo. Semina haiwezi kubeba watu 60, kwa kuwa katika muhula wa wiki 15 wengi wao hawatapata zamu hata moja ya kuzungumza. Tutoriali inaweza kuendeshwa na mkufunzi msaidizi mwenye karatasi ya majibu, ilhali semina humhitaji mtu anayeimudu taaluma kwa upana, kwa maana hajui wanafunzi wataleta swali gani.

Vitendo ni jina la jumla linaloficha mambo mengi, na hapa nakushauri usiandike herufi P ukaridhika. Maabara ya kemia, karakana ya uhandisi, studio ya usanifu majengo, maabara ya kompyuta na mahakama ya mfano kwa wanafunzi wa sheria vyote ni vitendo, lakini kila kimoja kina chumba chake, vifaa vyake na idadi yake ya watu inayovumilika. Kwenye maabara ya kemia idadi hiyo huamuliwa na meza, vyombo na usalama. Kwenye maabara ya kompyuta huamuliwa na mashine zinazofanya kazi, si zile zilizopo. Studio ina jambo lake la pekee: mwanafunzi hukaa humo saa nyingi na mwalimu hupita mezani kwa mezani akikosoa michoro, hivyo ukiipanga kama maabara ya saa tatu kwa wiki utakuwa umeiua. Desturi ya kumweka mwanafunzi wa sayansi maabarani tangu mwanzo, badala ya kumwacha amtazame mwalimu akifanya jaribio, ilipata nguvu katika karne ya 19 kupitia maabara ya Justus von Liebig huko Giessen, Ujerumani, ambako vijana kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza kemia kwa mikono yao. Nalitaja hilo kwa sababu katika vyuo vyetu onyesho la mwalimu mezani bado huandikwa kuwa ni vitendo vya mwanafunzi.

Kazi za uwandani hutofautiana na maabara kwa kuwa chuo hakikimiliki kila kinachotokea huko. Mwanafunzi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anayekwenda kwenye msitu wa Mazumbai, katika Usambara Magharibi, anahitaji usafiri, malazi na siku zinazofuatana, wala haiwezekani kumgawia msitu kwa saa mbili kila Jumanne. Kwa hiyo kazi za uwandani zipangwe kwa siku au kwa wiki, kisha zigeuzwe kuwa saa kwenye hesabu tu.

Mafunzo kazini, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi, pamoja na mazoezi ya kufundisha kwa wanafunzi wa ualimu na mafunzo ya wodini kwa wanafunzi wa udaktari, yana alama moja inayoyatenga na yote yaliyotangulia: mwanafunzi yuko chini ya msimamizi ambaye kazi yake ya kwanza si kufundisha. Mhandisi wa kiwandani, mwalimu mkuu wa shule na muuguzi wa zamu kila mmoja ana majukumu yake. Mafunzo haya yaandikwe kama kozi inayojitegemea yenye msimbo wake, yasifichwe ndani ya kozi ya mihadhara, ili usimamizi, bima na posho ya msimamizi wa chuo viweze kuombewa fedha.

Mradi wa mwaka wa mwisho na tasnifu vinabaki. Hapa saa za kukutana na mwalimu ni chache mno na karibu kazi yote ni ya mwanafunzi mwenyewe. Usiziandike saa hizo kuwa ni mihadhara kwa sababu tu mfumo unadai namba.

Hatua ya tatu: hesabu saa, ukijua unahesabu kwa mfumo upi

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na chanzo chake ni kwamba Afrika Mashariki ina namna mbili za kuhesabu zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana.

Nchini Tanzania, mfumo wa sifa za elimu ya chuo kikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu huihesabu krediti moja kuwa ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, iwe ni ukumbini, maabarani au maktaba. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti 360 kwa uchache. Chukua kozi ya krediti 12. Hiyo ina saa 120 za kugawanywa. Tuseme umepanga mihadhara ya saa 2 kwa wiki kwa wiki 15, ambayo ni saa 30. Vikao 10 vya maabara vya saa 3, ambavyo ni saa 30 nyingine. Na semina za saa 1 kwa wiki 10, yaani saa 10. Umefikia saa 70. Zilizobaki 50 ni za mwanafunzi: unaweza kumpa 20 za kuandika ripoti za maabara na kazi nyingine za kukabidhi, na 30 za kujisomea. Jumla ni 120 na hesabu imefungana.

Katika mfumo huo saa ni saa. Saa moja ya maabara haina uzito mdogo kuliko saa moja ya muhadhara, kwa kuwa kinachopimwa ni muda wa mwanafunzi.

Kenya na Uganda, kwa upande mwingine, zimezoea kuhesabu saa za kufundishwa kwa kuzipa uzani. Kanuni za vyuo vingi vya Kenya husema kwamba muhadhara wa saa moja ni sawa na tutoriali ya saa mbili au vitendo vya saa tatu, na somo moja la muhula kwa kawaida hufikia takriban saa 45 za namna hiyo. Katika majedwali ya Chuo Kikuu cha Makerere utakuta safu za saa za mihadhara, saa za vitendo, saa za kukutana na krediti, ambapo krediti moja ni saa 15 za kukutana, na saa mbili za vitendo au za tutoriali huhesabiwa kuwa saa moja ya kukutana. Kozi yenye saa 30 za mihadhara na saa 30 za vitendo huandikwa kuwa na saa 45 za kukutana na krediti 3.

Sasa irudie kozi ileile ya mfano wetu. Kwa uzani wa Kenya, mihadhara inabaki 30, maabara ya saa 30 inakuwa 10, na semina ya saa 10, ikihesabiwa kama tutoriali, inakuwa 5. Jumla ni 45. Kwa uzani wa Makerere maabara inakuwa 15, semina 5, na jumla ni 50. Kozi ni moja, wanafunzi wale wale, vikao vile vile, na bado kila mfumo unatoa jumla yake. Mratibu anayenakili jedwali kutoka chuo cha nchi jirani bila kujua uzani uliotumika atapata kozi ambayo ama inambebesha mwanafunzi mzigo mkubwa mno, ama inampa nusu ya maabara aliyoihitaji.

Mifumo ya mbali nayo inafaa kufahamika kwa sababu wengi wetu tumesoma huko na tumerudi na mazoea yake. Nchini India kozi huandikwa kwa tarakimu zinazofuatana, mathalani 3-1-0-4, maana yake ni saa tatu za muhadhara na moja ya tutoriali kwa wiki, hakuna vitendo, krediti nne. Saa ya vitendo huhesabiwa nusu krediti, hivyo 3-0-2-4 nayo ni sahihi. Ujerumani huandika kozi kwa saa za wiki za muhula, ambapo saa moja ni dakika 45, na hutenganisha muhadhara na kikao cha mazoezi kwa herufi V na Ü. Kanuni ya serikali ya Marekani huichukulia krediti moja kuwa ni saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi ya nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15.

Ukiniuliza ni mfumo upi ulio bora, nitasema ule unaohesabu kazi yote ya mwanafunzi, kwa sababu unamlazimisha mwalimu kukiri kwamba ripoti ya maabara ya kurasa kumi ina muda wake. Hata hivyo una hatari: saa za kujisomea hazina chumba wala mtu wa kuzihesabu, na mwalimu aliyebanwa anaweza kuzijaza hapo saa zote zilizomshinda kuzipanga. Ukiona kozi ya mwaka wa kwanza ambayo zaidi ya nusu ya saa zake ni za kujisomea, rudi ukaiulize maswali.

Hatua ya nne: tenganisha aina ya ufundishaji na njia ya kuufikisha

Tangu vyuo vifungwe kwa ajili ya korona, nchini Tanzania kuanzia Machi 2020 hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, majedwali mengi yamepata safu mpya yenye neno mtandaoni. Safu hiyo inahitajika, lakini imewekwa mahali pasipo pake kila inapoorodheshwa sambamba na muhadhara na semina. Mtandaoni ni njia. Muhadhara unaotazamwa kwenye simu unabaki kuwa muhadhara, na semina inayofanywa kwa video inabaki kuwa semina endapo wanafunzi wanawasilisha na kuhojiana.

Kwa hiyo weka safu mbili. Ya kwanza ijibu swali la nini kinafanyika, na ya pili ijibu wapi na lini. Katika safu ya pili kuna ana kwa ana. Kuna mtandaoni kwa wakati mmoja, ambapo wote wanaingia saa ileile. Kuna mtandaoni kwa wakati wa mwanafunzi mwenyewe, ambapo video, maswali na mijadala vimewekwa na kila mmoja anavifikia anapoweza. Na kuna mchanganyiko. Neno mchanganyiko lisiachwe bila kipimo. Watafiti wa Kimarekani Elaine Allen na Jeff Seaman, katika tafiti zao za elimu ya mtandaoni, waliiita kozi kuwa ya mchanganyiko pale ambapo asilimia 30 hadi 79 ya maudhui yake hufikishwa mtandaoni, na kuanzia asilimia 80 wakaiita ya mtandaoni. Huna lazima ya kuzifuata namba hizo, ila chuo kiwe na namba zake, zilizoandikwa, zinazojulikana na kila idara.

Kati ya kuingia kwa wakati mmoja na kusoma kwa wakati wa mwanafunzi mwenyewe, tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana ofisini. Mwanafunzi aliyeko kijijini, anayenunua bando kwa siku na kupanda kilima kutafuta mtandao, anaweza kupakua video usiku na kuisikiliza kesho yake; kikao cha saa nne asubuhi kitampita. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilijengwa kwa ajili ya watu ambao hawawezi kuacha kazi na familia wakakae bweni, na kiliwafikia kwa vitabu vya kujisomea na vituo vya mikoani miaka mingi kabla ya video za mtandaoni kuwa jambo la kawaida. Elimu masafa ina ufundi wake, na idara inayohamisha kozi ya ukumbini kwenda mtandaoni kwa kubadilisha neno moja kwenye jedwali haijafanya kazi hiyo.

Vitendo vya mikono viandikwe ana kwa ana. Zipo programu nzuri za kuigiza majaribio, na zinafaa kwa maandalizi, lakini mwanafunzi wa ufamasia anapaswa kuwa amepima dawa halisi kwenye mizani halisi kabla hajakabidhiwa cheti.

Hatua ya tano: igawe kozi katika sehemu kwenye mfumo wa usajili

Kozi moja yenye msimbo mmoja iwe na sehemu nyingi kadiri ya aina zake. Katika mfano wetu kuna sehemu ya mihadhara inayokutanisha wote, sehemu ya maabara yenye vikundi, na sehemu ya semina yenye vikundi vyake. Idadi ya vikundi hupatikana kwa kugawa wanafunzi waliosajiliwa kwa uwezo wa chumba: wanafunzi 180 na maabara ya watu 30 ni vikundi sita, na vikundi sita vya saa tatu ni saa 18 za maabara kwa wiki kwa kozi hiyo peke yake. Fanya hesabu hii kabla ya kuipeleka kozi kwenye kikao cha idara. Mara nyingi hapo ndipo inapobainika kwamba maabara haitoshi, na ni heri ibainike mapema ukapunguza vikao kutoka 10 hadi 8 kwa uwazi, kuliko kuviacha 10 kwenye karatasi na kufanya vinne.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mzigo wa mwalimu. Mwanafunzi anahudhuria kikao kimoja cha maabara kwa wiki, lakini mwalimu au mkufunzi msaidizi anakirudia mara sita. Majedwali yanayoorodhesha saa za mwanafunzi peke yake huuficha mzigo huu, na anayeubeba kwa kawaida ni kijana wa chini kabisa katika idara. Weka safu ya saa za mwalimu.

Hatua ya sita: linganisha upimaji na aina uliyoiandika

Katika vyuo vingi vya Tanzania tathmini endelevu huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho wa muhula alama 60. Kwa kozi ya mihadhara mgawanyo huo hauna tatizo kubwa. Kwa kozi ambayo robo ya saa zake ni maabara, alama za maabara zisiwe tano kati ya mia moja. Mwanafunzi huenda kule zinakohesabiwa alama, na hana kosa. Kama kanuni za chuo zinaruhusu, omba mgawanyo tofauti, au ongeza mtihani wa vitendo ndani ya zile 60. Kozi ya semina iwe na alama za uwasilishaji na za kushiriki mjadala, zenye vigezo vilivyotangazwa wiki ya kwanza. Mafunzo kazini na mazoezi ya kufundisha yapimwe kwa ripoti, daftari la kazi na ziara za msimamizi, pasiwepo mtihani wa kuandika.

Hatua ya saba: pitisha, kisha ukague

Kozi hupita idara, kitivo au ndaki, na hatimaye Seneti, na baada ya hapo kubadilisha aina yake kunadai mzunguko uleule. Kwa sababu hiyo jedwali lipitiwe mwishoni mwa muhula wa kwanza wa kuifundisha kozi. Waulize wanafunzi maswali mawili tu, vikao vingapi vya maabara vilifanyika na mara ngapi walizungumza kwenye semina, kisha linganisha majibu na kilichoandikwa. Palipo na tofauti, ama urekebishe ufundishaji, ama urekebishe jedwali. Usiache vyote viwili vilivyo.

Kwa mwanafunzi

Unapochagua kozi ya hiari, tazama herufi na saa kabla ya jina. Kozi mbili za krediti sawa zinaweza kukupa maisha tofauti kabisa: moja ikakukalisha ukumbini mara mbili kwa wiki, nyingine ikakuchukulia alasiri nzima ya maabara na jioni ya kuandika ripoti. Angalia pia kama vikundi vya maabara vinagongana na kozi zako za lazima, kwa maana mgongano mwingi wa ratiba hutokea kwenye vikundi na si kwenye mihadhara.

Iwapo unakusudia kuendelea na masomo nje ya nchi, omba maelezo ya kila kozi yenye mgawanyo wa saa, yakiwa na muhuri wa chuo, kabla hujaondoka. Hati ya matokeo pekee huonyesha krediti 12, na ofisi ya udahili ya Ulaya haitajua kama ndani yake mlikuwamo maabara. Krediti za Ulaya ni 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30. Ukigeuza kwa saa, kozi yako ya saa 120 inakuwa krediti 4 au karibu 5. Ukigeuza kwa sehemu ya mwaka, 12 kati ya 120 ni sawa na 6 kati ya 60. Uamuzi ni wa chuo kinachokupokea, lakini ukiwa na mgawanyo wa saa mkononi unaweza kuonyesha kwamba ulikaa maabarani saa 30, na hilo ndilo swali litakaloulizwa kwanza katika fani za sayansi na uhandisi. Mitaala hubadilishwa na majedwali ya zamani huondolewa kwenye tovuti, kwa hiyo chukua maelezo ya mwaka uleule uliosoma kozi, na uhifadhi nakala ya karatasi pamoja na vyeti vyako.